Siku moja thieta: taya linalocheza halikauki

Saa 12 asubuhi nateremka Kirumba, harufu ya dagaa imeshanitangulia. Mimi ni nesi wa chumba cha upasuaji hapa Mwanza.

Saa 2. Wa kwanza ni kijana mvuvi wa Ukerewe. Alianguka na bodaboda wiki tatu zilizopita, taya likavunjika, akanunua vidonge dukani, uvimbe ulipopungua akarudi ziwani. Sasa chini ya taya kuna tundu linalotoa usaha. Juzi tulipasua jipu, tukaanza dawa za mshipa.

"Sista, si mngengoja kidonda kikauke?" mama yake ananiuliza.

"Mama, mfupa ukicheza, usaha haukatiki."

Zamani kweli walingoja. Siku hizi kusafisha usaha na kuufunga mfupa kwa chuma hufanyika kwa mkupuo mmoja.

Saa 3 na nusu amelala. Mrija wa kupumulia umepitia puani, maana meno ya juu na ya chini yanafungwa pamoja kwa waya kwanza. Ukiruka hatua hiyo, picha ya eksirei itatoka nzuri na ugali hautatafunika. Chale inapita upana wa vidole viwili chini ya taya, kuukwepa mshipa wa fahamu unaosogeza mdomo wa chini. Gego la mwisho limekaa ndani ya ufa, linalegalega. Linang'olewa. Kisha mfupa mfu: mweupe, mkavu, kipande kimoja kama punje ya hindi. Daktari anakwangua mpaka damu ionekane.

Pleti ya titani, ile nene ya skrubu za milimita 2.4, ndiyo inayokula muda. Anaikunja, anaipima, anaikunja tena, mara nne. Nyembamba haifai hapa. Mfupa umeliwa, kwa hiyo chuma kibebe mzigo wote. Skrubu tatu kila upande, mbali na ufa. Kazi yangu ni kumwagia maji keekee, bila kukatisha. Mfupa ukiungua, skrubu italegea na usaha utarudi. Mkono unakufa ganzi, lakini simwachii mwanafunzi.

Saa 7 waya zinafunguliwa, anabakiziwa mrija wa kutoa majimaji kidondani. Chai, hatimaye.

Saa 10 wodini. "Uma meno." Yamekutana. Mama anataka kujua kuhusu sangara.

"Supu yake tu, mama. Na uji. Kutafuna bado, wiki kadhaa."

Kijana anaomba kalamu. Anaandika: *Kamba ya injini ya boti naruhusiwa kuvuta lini?*