Selous ilipogeuka Nyerere, linki zikafa

Mwezi wa saba Arusha baridi yake mnaijua, nimekaa Njiro na koti na chai ya tangawizi, simu ikaita, dada mmoja wa kampuni ya utalii (siitaji, bado wana hela yangu) ananiambia mdogo wangu hebu tuangalizie tovuti, wageni wanalalamika wakibonyeza wanaambiwa ukurasa haupo. Nikamwambia dada hiyo kazi ya nusu saa tu. Nusu saa gani, nilikaa nayo wiki tatu.

Kisa chenyewe ni hiki. 2019 serikali ilimega sehemu ya Pori la Akiba la Selous ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na hapa mjini kila mwenye tovuti ya safari alikuwa na kurasa kibao zenye neno selous kwenye anwani. Hawa wenzangu walichelewa kushtuka, walivyoshtuka wakampa kazi chalii wa fildi, chalii akaingia kwenye databesi akabadilisha selous yote kuwa nyerere, maandishi, majina ya picha, anwani, kwa mpigo mmoja, na ridairekti (maagizo ya kumpeleka mtu kutoka anwani ya zamani kwenda mpya) hakuweka hata moja. Alafu Selous yenyewe haikufa, pori la akiba bado lipo, sasa kurasa za pori nazo zikawa Nyerere, na yule mwindaji Mwingereza ambaye pori lilipewa jina lake, Frederick Selous, aliyeuawa Beho Beho 1917, kwenye tovuti anasomeka Frederick Nyerere. Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Chalii simlaumu sana. Hakuna aliyemwambia kwamba anwani ukishaitoa nje sio yako peke yako tena, kuna mtu Ujerumani ameiweka kwenye blogu yake, mwingine amemtumia mkewe kwa barua pepe, Google nayo inayo. Ukihama nyumba unaacha maagizo kwa jirani, na kwenye tovuti hayo maagizo ndio 301, ile namba ambayo seva inasema ukurasa umehama jumla.

Nikasema ngoja nianzie kwenye saitimapu (faili la orodha ya kurasa unaloipa Google) nione kurasa ziko ngapi. Nikakuta faili moja nene halifiki mwisho, Search Console (zana ya Google kwa wenye tovuti) inalikataa. Kumbe hawa jamaa kila tarehe ya kuanza kupanda Kilimanjaro wameipa ukurasa wake. Piga hesabu: njia 6 (Marangu, Machame, Lemosho, Rongai, Umbwe na ile ya kuzunguka kaskazini), mara siku 365, mara lugha 4, ni kurasa 8,760 kwa mwaka, na hakuna tarehe iliyowahi kufutwa miaka 6, jumla 52,560. Saitimapu moja mwisho wake anwani 50,000 au MB 50 kabla hujaibana. Yaani walivuka mpaka kwa kumwalika Google aje asome safari za watu walioshapanda wakashuka na vyeti wakapewa.

Hapo ndipo naona wengi tunakosea. Tunaichukulia saitimapu kama stoo, kila kitu tunatupia humo, wakati ni orodha ya vile unavyotaka vionekane leo. Ukurasa unaorudisha 404 (haupo) hautakiwi kuwemo, uliohamishwa hautakiwi, uliouzuia kwenye robots.txt (faili la kuziambia roboti za Google zisiingie wapi) ndio kabisa. Ukichanganya humo mazima na maiti, Google inatumia muda wake kugonga milango ya nyumba zisizo na watu, na ile lodji mpya uliyoiweka jana inasubiri.

Nikaigawa. Saitimapu ya njia, ya hifadhi, ya lodji, ya makala, na ya tarehe ambazo bado hazijapita tu, juu yake faili moja la fahirisi linalozielekeza zote. Faida yake sio ukubwa peke yake, ni kwamba Search Console inakuonyesha kila faili peke yake, nikajua palepale kwamba hifadhi ziko sawa, zinazogomewa ni lodji. Zote zinatoka kwenye databesi zenyewe kila usiku, hakuna mtu wa kushika kwa mkono. Na lastmod (tarehe ukurasa ulipobadilika mara ya mwisho) nikaing'oa ile ya zamani iliyokuwa inaandika tarehe ya leo kwa kila ukurasa kila siku, maana Google ikikuona unadanganya haikuamini tena. Ile priority (umuhimu wa ukurasa) na changefreq (unabadilika mara ngapi) ambazo watu wanabishana mpaka usiku, Google inazipuuza, msipoteze bando.

Tarehe zilizopita zilituletea ubishi na dada. Yeye alitaka zote ziende ukurasa wa mwanzo. Nikamwambia dada, mtu anatafuta Lemosho ya Februari unampeleka sebuleni anaanza upya, na Google mara nyingi inahesabu hiyo kama 404 iliyovaa nguo. Tukakubaliana zenye linki kutoka nje ziende ukurasa wa njia yake, zilizobaki tukazipa 410, imeondoka na hairudi.

Ridairekti zenyewe zilikuwa zimeshaanza kupangana kabla sijafika. Kuna moja ilitoka http kwenda https, ikaenda isiyo na mkwaju (/) mwishoni, ikaenda yenye mkwaju, ikafika kwenye 404. Ni kama kuelekezwa fundi yuko Sakina, Sakina wanasema kahamia Kwa Mrombo, Kwa Mrombo wanasema kafunga. Google inafuata mpaka hatua 10, mgeni mwenye simu hafiki tatu. Zote nikazielekeza moja kwa moja mwisho wa safari.

Kosa langu pia lipo. Mara ya kwanza niliachia roboti (programu ya kukagua) ikague linki zote saa tano usiku, nikijua watu wamelala, kumbe New York ni saa kumi jioni, wateja wako hewani, seva ikaanguka. Nikapunguza ikawa ombi moja kwa sekunde, inachukua saa kumi na nne na zaidi, iache itembee. Na ikikuambia tovuti ya mtu mwingine imekufa na 403 (hauruhusiwi kuingia), fungua mwenyewe kwanza, nyingi ziko hai zinakataa roboti tu.

Zilizonitesa mpaka leo ni zile ambazo roboti inasema ziko salama. Kuna lodji upande wa Moshi ilifungwa, domeini ikaisha muda, mtu kaichukua kaweka mambo ya kubeti. Inarudisha 200 (yaani kila kitu kiko sawa) safi kabisa, na sisi tulikuwa tunapeleka wageni pale kutoka kurasa 41. Hakuna programu yangu iliyoiona, aliiona mgeni mmoja mzee akauliza kama kubeti ni sehemu ya pakeji. Kwahiyo sasa hivi napitia linki zote za nje kwa macho, nimefika herufi M.