Huduma yangu ilikuwa inakata roho kila nikitoka

Kwa karibu wiki tatu niliamini programu yangu ina kasoro ambayo macho yangu hayaioni. Jioni naiacha inafanya kazi vizuri, asubuhi naikuta imelala. Hakuna ujumbe wa kosa wala dalili kwamba imeanguka. Mwisho nikaongeza mstari wa kuandika logi (rekodi ya matukio) kila dakika, angalau nijue pumzi ya mwisho inakatika saa ngapi. Siku ya kwanza logi iliishia 17:52. Siku ya pili 19:07. Siku ya tatu, ambayo niliwahi kuondoka, 15:40. Nikajishika kichwa. Hizo ndizo saa nilizokuwa nafunga laptopu! Programu ilikuwa nzima kabisa, ila kila nikiondoka nilikuwa naondoka nayo.

Nieleze kwanza mazingira. Mimi ni mtafsiri, si mhandisi. Kazini tuna seva moja ya Linux tunayoitumia watu zaidi ya kumi, na mimi humo ni mtumiaji wa kawaida: sina sudo (amri ya kuazima mamlaka ya msimamizi), sina nenosiri la root (mtumiaji mkuu wa mashine), na kusema kweli sitaki nipewe. Nina programu ndogo ya Python inayohifadhi kamusi ya istilahi ninazokusanya, na skripti ya kuinakili kamusi hiyo kila usiku. Vitu viwili tu. Nilitaka viwe hai wakati wote, nikiwepo au nisiwepo, bila kumsumbua msimamizi wa seva kila mara.

Ukiingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali, na kuanzisha programu, programu hiyo inakuwa mtoto wa kikao chako. Muunganisho ukikatika, inaletewa ishara iitwayo SIGHUP, na programu nyingi zikiipata hujifia. Hizo herufi HUP zinatokana na kukata simu: enzi hizo watu waliingia kwenye kompyuta kwa modemu kupitia laini ya simu, na ukikata simu mashine ilijua umeondoka. Simu hizo hazipo tena, ishara imebaki.

Dawa ya kwanza niliyopewa na kila mtu ilikuwa `nohup`, amri inayoifanya programu ipuuze ishara hiyo, na alama ya `&` mwishoni ya kuipeleka nyuma. Ilifanya kazi kwa siku kadhaa. Kisha siku moja nikashindwa kuhifadhi hata faili la maneno kumi, mgao wangu wa diski umejaa. Kumbe ile logi yangu ya kila dakika, pamoja na kila kitu programu ilichokuwa inabwabwaja, vyote vilikuwa vinamiminika kwenye faili liitwalo `nohup.out`, na faili lenyewe halina mwisho. Nikalifuta nikiwa na hasira, nafasi haikurudi. Programu ilikuwa bado imelishika. Mpaka nilipoizima ndipo diski ikapumua.

Baada ya hapo nikahamia tmux, programu inayoshikilia dirisha lako la amri likiwa hai hata ukitoka, na kwa kweli tmux ni kitu kizuri. Naitumia mpaka leo kwa kazi ninayotaka kuiacha katikati na kuirudia. Ila seva ikizimwa na kuwashwa baada ya masasisho, tmux inapotea na kila kilichomo, na hakuna wa kukianzisha tena ila wewe mwenyewe ukikumbuka. Mimi sikumbuki.

Cron, ratiba ya Linux ya kuanzisha kazi zenyewe, ilinifikisha mbali zaidi. Mtumiaji yeyote anaweza kuandika `crontab -e`, kuweka mstari unaoanza na `@reboot`, na programu itaanza mashine ikiwaka, bila kuomba ruhusa (isipokuwa msimamizi ameifunga). Shida zake ni mbili. Cron haisomi `.bashrc` yako (faili la mipangilio yako), na PATH yake, yaani orodha ya folda zinakotafutwa amri, ni fupi mno, kwa kawaida `/usr/bin:/bin` basi. Kwa hiyo amri inayokubali ukiiandika wewe inakataa ikiandikwa na cron. Hilo linatibika kwa kuandika njia kamili ya kila kitu. La pili halitibiki: cron inaanzisha, haichungi. Programu ikifa saa nne asubuhi, itabaki maiti mpaka mashine iwashwe tena.

Ndipo nikakutana na kitu kilichokuwa kimekaa kwenye seva muda wote nikikipita. Linux nyingi za sasa zinaendeshwa na systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za mashine, iliyoanza mwaka 2010, na wengi tunaijua kama kitu cha root: ile ya `sudo systemctl` hiki na kile. Kumbe kila mtumiaji anayeingia anawekewa systemd yake binafsi, ndogo, inayosimamia mambo yake peke yake. Unaiita kwa kuongeza neno moja, `--user`, na mafaili yake yanakaa kwenye folda yako mwenyewe, `~/.config/systemd/user/`. Hakuna sudo popote.

Langu ni hili, `kamusi.service`, kama lilivyo leo:

```
[Unit]
Description=Kamusi yangu ya istilahi

[Service]
ExecStart=%h/kamusi/venv/bin/python -u %h/kamusi/seva.py
Restart=on-failure
RestartSec=5
MemoryMax=200M

[Install]
WantedBy=default.target
```

`%h` ni folda yako ya nyumbani. Ile `-u` baada ya python usiidharau: bila hiyo Python inarundika maandishi yake kwanza kabla ya kuyatoa, na wewe utakuwa unatazama logi tupu ukidhani programu imenyamaza. `RestartSec=5` nayo ina kisa chake. Usipoiweka, systemd inasubiri sehemu ya kumi tu ya sekunde kabla ya kuinua programu iliyoanguka, na ikianguka mara tano ndani ya sekunde kumi, inakata tamaa na kuiacha chini. Yangu ilikuwa inaanguka kwa sababu faili la data lilikuwa bado limefungwa na programu nyingine; kabla hujapepesa macho nafasi zote tano zimekwisha. Sasa inapumzika sekunde tano kila mara, na mpaka irudi mara ya pili faili limeshaachiwa.

Mstari wa mwisho, unaosema huduma ianze pamoja na nini, ndio ulionilia Jumamosi nzima. Mifano mingi niliyoiona ilikuwa ya huduma za mfumo, na yote inaandika `WantedBy=multi-user.target`. Nikanakili. Nikaandika `systemctl --user enable kamusi`, ikakubali, ikatengeneza kiungo chake, haikulalamika hata kidogo. Nikaanzisha kwa mkono, ikawaka. Seva ilipowashwa upya, kimya. Sababu ni kwamba hiyo `multi-user.target` ipo kwenye systemd ya mfumo, ila kwenye systemd ya mtumiaji haipo. Nilikuwa nimeiambia huduma imsubiri mgeni asiyeijua hata njia ya kufika. Ya mtumiaji inaitwa `default.target`. Nikaandika `disable`, nikasahihisha, nikaandika `daemon-reload` ili systemd isome faili upya, kisha `enable` tena.

Nikatoka nikiwa nimeridhika. Kesho yake nikaikuta imekufa. Saa? 18:15, dakika niliyotoka.

Hapa ndipo kiini cha habari yote, na najuta sikukijua wiki tatu kabla. Hiyo systemd yako binafsi inazaliwa unapoingia mara ya kwanza na inafungwa kikao chako cha mwisho kinapokwisha, pamoja na kila ilichokuwa inakilea. Ili ibaki, lazima uwashe kitu kinachoitwa linger, maana yake huyu mtu aendelee kuhesabiwa yupo hata akiwa ameondoka:

```
loginctl enable-linger
```

Mstari mmoja tu. Ukitaka kuhakikisha, andika `loginctl show-user $USER --property=Linger`, ijibu `Linger=yes`. Kinachotokea nyuma ya pazia hakina ajabu: faili tupu lenye jina lako linawekwa kwenye `/var/lib/systemd/linger/`, na mashine ikiwaka inapita humo na kuwaanzishia wote waliomo systemd zao, hata kama hakuna aliyeingia.

Je, mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kujiwashia mwenyewe? Tangu toleo la 230, la mwaka 2016, sera ya kawaida ya systemd inaruhusu, ingawa msimamizi anaweza kuifunga. Toleo hilohilo ndilo lililozua zogo, kwa sababu lilikuja pia na uamuzi kwamba mtumiaji akitoka kila mchakato wa kikao chake uuawe, tmux na nohup zikiwemo. Watu walipiga kelele kweli. Debian na wengine wakauzima uamuzi huo kwenye matoleo yao. Kwa hiyo ukiona tmux inadumu kwenye seva moja na inakufa kwenye nyingine, hujarogwa. Muulize msimamizi kuhusu `KillUserProcesses`, mpangilio unaowasha au kuzima uamuzi huo.

Nakala ya usiku niliihamishia kwenye timer (ratiba) ya systemd, nikaharibu kwa namna yangu mwenyewe. Nilitaka ifanyike saa nane na nusu usiku. Nikaandika `OnCalendar=*-*-* 08:30`. Bila shaka mashine haijui saa za Kiswahili, na kwa siku nne nakala ikawa inafanyika saa mbili na nusu asubuhi, nikiwa nimekaa palepale naandika, kamusi inakwama kwama na mimi nalaumu mtandao. Sahihi ni `02:30`. Siku hizi sithubutu kuacha timer bila kuandika kwanza `systemd-analyze calendar` na ule muda. Inakutajia tarehe na saa itakapofuata kulia. Nimeweka pia `Persistent=true`, ili seva ikiwa imezimwa saa hiyo, kazi ifanyike ikiwaka badala ya kurukwa.

Kuna mipaka ambayo haki za msimamizi zikikosekana unaigonga, na ni vizuri kuijua mapema. Poti, yaani milango ya mtandao yenye namba, zilizo chini ya 1024 ni za root, kwa hiyo usihangaike na 80. Mimi natumia soketi, faili maalumu ambalo programu huzungumza kupitia kwake, badala ya poti. Sababu si ujanja. Nilipofungua poti 8080 kwenye 127.0.0.1, anwani ambayo mashine hujiita yenyewe, nilijiona nimejificha, mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kwa nini kwenye kamusi yangu neno fulani nimelitafsiri vile. 127.0.0.1 inakuficha na watu wa nje ya mashine. Walio ndani ya mashine hiyohiyo wanakuona bila shida. Folda ya `/run/user/` yenye namba yako, kwa upande mwingine, haifunguki kwa watumiaji wenzako, kwa hiyo soketi ya kamusi inakaa humo, nami kutoka kwenye laptopu naifikia hivi:

```
ssh -L 8080:/run/user/1000/kamusi.sock seva
```

Hapo 1000 ni namba yangu. Yako utaipata kwa `id -u`. Kwenye kivinjari nafungua localhost:8080 na kamusi inatokea kana kwamba ipo mapajani.

Mpaka mwingine: huduma ya mtumiaji haiwezi kusubiri huduma ya mfumo. Usiandike `After=network-online.target` ukitegemea kitu. Systemd yako haiijui hiyo pia. Kama programu inahitaji mtandao, iandike iweze kujaribu tena, au iachie `Restart` ifanye kazi yake.

Kuhusu msimamizi. Mwezi mmoja baadaye aliniandikia: "Ndugu, naona una kitu kinatembea tangu juzi na wewe hujaingia. Ni nini hicho?" Alikuwa na haki ya kuuliza, na ningepaswa kumwambia kabla, kuwa na ruhusa ya kuwasha linger si sawa na kuwa mwenye mashine. Nikamtumia lile faili lote, mistari yake haijai hata skrini ya simu. Jibu lake lilikuwa fupi: "Sawa. Weka kikomo cha RAM." Ndiyo maana ya ile `MemoryMax=200M`. Huko nyuma, wakati wa nohup, hakuna aliyewahi kuniuliza, kwa sababu hakuna aliyeweza kujua kile ni nini wala nani amekiacha.

Wiki iliyopita seva ilizimwa usiku kwa masasisho. Asubuhi nikaingia na kuandika `systemctl --user status kamusi`. Ilikuwa hai tangu 03:14. Mimi nilikuwa nimeingia 08:02.