Maji Yenye Ratiba

Baba alistaafu reli mwaka 2016. Mwezi wa Ramadhani uliofuata, usiku mmoja wa Juni wenye ule upepo wa Dodoma unaopenya hadi mifupani, nilitandaza ramani ya Tanzania juu ya meza ya chakula nikawaambia wazazi wangu kwamba nataka kuwapeleka pwani. Nilikuwa nimedunduliza mshahara wa ukarani mwaka mzima. Mama aliweka sahani ya mlenda pembeni, akaja kusimama nyuma yangu. Baba hakuinuka kitini.

"Maji nimeyaona, mwanangu," alisema. "Yananitosha."

Sikumlaumu. Baba alikuwa mtu wa genge, fundi wa njia, tangu 1981 hadi alipomaliza akiwa nyapara. Sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kwenye kipande cha Gulwe, Godegode na Kidete, na anayeijua reli ya kati anakijua kipande hicho. Mto Mkondoa ukifura unakula tuta, kokoto zinakwenda, mataruma yanabaki yananing'inia kwenye vyuma kama ngazi ya kamba. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilimweka huko hata tukasahau sauti yake. Mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 ikawa yaleyale, reli ikakatika, treni zikasimama. Nimekulia katika nyumba ambayo radi ikipiga usiku, baba anaanza kutafuta viatu gizani. Kwake maji yalikuwa kitu kinachokuja bila taarifa na kuondoka na kazi ya watu. Sasa mtu huyo unamwambiaje aende akakae ufukweni kuyatazama?

Basi nikaanza na mama. Mama ni mshonaji. Nilimsomea skeli ya ramani, sentimita moja kwa kilomita ishirini, naye akavuta uzi mweusi kutoka kwenye bobini ya cherehani, akaubana kwa ukucha wa kidole gumba pale Dodoma. Akautembeza taratibu juu ya mstari mwekundu: Gairo, Dumila, Morogoro, Chalinze, kisha juu kuelekea Segera, kisha kulia hadi Tanga. Kila penye kona aliubana upya, akilamba kidole ili uzi ushike karatasi. Alipofika baharini akauinua, akaunyoosha juu ya futi yake ya kupimia nguo.

"Ishirini na saba na nusu."

"Kilomita mia tano na hamsini," nikasema.

"Inazidi hapo," baba akasema kutoka kitini kwake, bila kugeuka. "Uzi unakata kona. Weka mia sita."

Hakuweza kuvumilia kipimo kibaya kiandikwe ndani ya nyumba yake. Nikaandika mia sita, nikajua anasikiliza.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa mzuri sana kwenye karatasi. Tungeanzia Bagamoyo, tuyaone magofu ya Kaole na msikiti wake wa karne ya 13, tuione misheni ya mwaka 1868. Halafu Saadani, mbuga ambayo tembo wanaweza kufika mpaka mchangani na kasa wa kijani wanataga ufukweni Madete. Hiyo ndiyo niliyoiota kuliko zote. Kisha Pangani, Tanga, na mwisho msitu wa Amani. Mama alitaka Bagamoyo tu. Yeye ni wa Mpwapwa, na Mpwapwa ilikuwa kituo kikubwa cha misafara. Alizoea kusimuliwa na bibi yake habari za wapagazi waliopita na pembe mabegani, na watemi wa Ugogo waliotoza hongo, yaani ushuru wa njia, kabla ya kuruhusu watu wachote maji. "Walikuja kwetu kwa miguu kutoka huko," alisema. "Nataka nikaone walikokuwa wanatua mizigo."

Baada ya tarawehe jirani yetu, fundi seremala aliyezaliwa Bweni, ng'ambo ya mto mkabala na Pangani, alipita kutusalimu. Alipoiona ramani alivuta kiti. Akauliza tunaondoka lini. Nikamwambia wiki ijayo.

"Hapana, mwanangu. Subirini Idi. Mchana wa mfungo mtapata shida ya chakula njiani kote huko, na mzee mwenzangu hapa si mtu wa kushinda njaa. Tena kuna jambo jingine." Akaweka kidole baharini, kusini kidogo ya Pangani. "Maziwe hamkuiandika."

Maziwe, akatueleza, ni kisiwa cha mchanga. Zamani kilikuwa na miti, na kasa walikuwa wakitaga hapo kwa wingi. Bahari ikakila kidogo kidogo, na kufikia miaka ya themanini mwanzoni hapakuwa na mti hata mmoja. Sasa ni fungu jeupe tu: maji yakijaa linazama lote, yakipwa linachomoza. Mama alishika kinywa. Kisiwa kinachozama kila siku!

"Kwa hiyo msiende kwa kalenda ya ukutani," fundi aliendelea. "Nendeni kwa mwezi. Idi ni mwezi mwandamo, na mwezi ukiandama ni bamvua, maji yanapwa mbali na kujaa sana. Mkichelewa wiki moja mtakuta maji mafu, na mchanga mtakaouona ni mdogo. Fikeni Pangani kwanza, mengine baadaye."

Hapo mpango wangu ukavunjika. Ukianzia Tanga na Pangani, basi Amani na Saadani zinavutana. Ya kwanza inakurudisha juu Muheza, ya pili wakati ule ilikuvusha mto kwa kivuko ukaendelea kusini kwa barabara ya vumbi. Kwa siku saba na wazee wawili, siwezi kuzipata zote. Nilikaa na kalamu mkononi muda mrefu. Mwishowe nikasema kile nilichokuwa nimekihifadhi kwa ajili ya baba.

"Baba, kule chini ya Amani, Zigi, Wajerumani walikuwa na reli nyembamba ya kushusha magogo. Nyumba ya mkuu wa stesheni bado ipo. Ndiyo wanayopokelea wageni wa msitu siku hizi."

Akageuka. "Nyumba ya stesheni? Porini?"

"Porini. Na Tanga ndiko reli ya kwanza ya nchi hii ilikoanza kujengwa."

"1893," akasema. "Ya kwetu ilifika hapa Dodoma 1910. Hilo nalijua." Akanyamaza. "Sijawahi kuiona ya Tanga."

Nikapiga mstari juu ya Saadani. Uliniuma, na mpaka leo sijafika.

Baba akaja mezani na kiti chake. Akaikagua ramani kwa kidole, akiifuata reli badala ya barabara, kisha akamtazama fundi.

"Hayo maji ya kwenu. Siku za bamvua yanapwa saa ngapi?"

"Asubuhi, kama saa nne hivi. Kesho yake yanachelewa kama dakika hamsini. Na keshokutwa vilevile."

"Halafu yanajaa?"

"Baada ya saa sita hivi yamejaa."

"Kila siku?"

"Kila siku, mzee mwenzangu. Hata sisi tuliozaliwa hapo hatujawahi kuyaona yakikosa."

Baba alikaa akitazama ile sehemu ya buluu kwa muda. "Kumbe yana ratiba," alisema.

Akaomba kalamu. Akachukua daftari langu, akafungua ukurasa mpya, akapiga mistari wima mitatu kwa kutumia futi ya mama, kama alivyokuwa akipiga kwenye vitabu vya kazi: kituo, kufika, kuondoka. Akaanza kujaza kwa herufi zake kubwa za mlalo. Tanga Stesheni. Pangani. Alipofika Maziwe aliinua kichwa akamuuliza fundi mtumbwi wa mashine unachukua muda gani kwenda na kurudi, akaandika, akafuta, akapunguza nusu saa ya tahadhari, kama alivyozoea kuyapunguzia maji ya Mkondoa.

Mama aliushika ule uzi mweusi, akauviringisha kwenye kidole, akaurudisha kwenye bobini ya cherehani.