Kifaranga niliyemshika

Nilikuwa na miaka 10. Kuku wa bibi, kuchi mwekundu mwenye miguu mirefu, aliatamia mayai 13 chini ya ngazi nyumbani kwetu Langoni, Lamu. Siku ya 21 wakaanza kutoka vifaranga, wakafika 11. Juma zima walikaa ndani ya dema kuukuu la babu, mtego wake wa samaki, usiku tukilifunika gunia. Mimi ndiye niliyewapa chenga za mchele, na maji katika kisahani chenye vijiwe wasije wakazama. Nikawaona ni wangu.

Siku ya nane bibi alingoja umande ukauke, kwani kifaranga akilowa hushikwa na baridi akafa upesi. Akamfukuza paka ukutani kwa ufagio, na Lamu paka ni tele, kisha akainua dema.

Kuku hakutoka mbio. Alisimama, akalaza kichwa upande, jicho moja juu. Ndipo akaingia uani akiita kwa sauti ya chini, ko, ko, ko, wanawe nyuma. Chini ya mpapai akachakura, akarudi hatua moja, akadona kitu akakiangusha, akadona tena akakiangusha. Mwanzo sikuelewa. Kumbe alikuwa akiwaonyesha chakula! Mdogo wao, mwenye doa jeusi mgongoni, akanyakua mchwa akatimka naye, wenzake wakimfukuzia kuzunguka mpapai. Ningekaa pale mpaka magharibi.

Paka aliporudi, kuku alikoroma kwa kukatakata, manyoya yamemsimama, na vifaranga wakamsogelea tu. Lakini kivuli cha mwewe kilipopita uani alitoa sauti moja, kali, ya kuvuta, nao wakazama chini ya mbawa zake. Wote isipokuwa yule wa doa, aliyeganda kando ya ndoo. Nikamrukia nikamshika.

“Mwate!” bibi akapiga ukelele, yaani mwache. “Mwate, mamake yuwamuona!”

Kifaranga alilia mkononi mwangu kilio chembamba kisichokatika. Kuku akainuka, akawaacha wale kumi wazi, akanijia mimi. Kucha zake zikanichana mkono. Nilipomwachia kifaranga, mwewe alikuwa ameshashuka na kupaa, na kutoka juu ya makuti ya jirani nikasikia kilio kingine, kikififia kuelekea baharini.

Nililia sana. Bibi hakunigombeza. Aliniosha mkono kwa maji ya chumvi, akanifunga kitambaa, akanionyesha kizingiti cha mlango wa uani.

“Kesho utaketi hapa, mwanangu. Mikono magotini.”

Kesho yake niliketi, mikono magotini. Jua lilipokuwa kali kivuli kikapita tena. Kuku akaita. Tisa wakaingia mbawani, wa doa bado yuko kwenye ndoo, ameganda vile vile. Nikauma mdomo. Kuku akaita mara ya pili, akatanua bawa la upande ule, naye akakimbia akaingia.