Saa sita mchana juu ya ikweta

Kwa miaka mingi nilifundisha jiografia Goma kwa chaki na ramani ya ukutani iliyochanika pembeni. Kila Septemba nilichora duara, nikapitisha mstari katikati, wanafunzi wakanakili, tukaendelea na somo lingine. Basi mdogo wangu, mfanyabiashara wa vitenge, aliponiambia kwamba mwezi wa tatu atakwenda Kampala kuchukua mzigo, nilimwomba prefe, yaani mkuu wa shule, ruhusa. Nilitaka kufika Kayabwe, pale ambapo barabara ya Kampala huvuka ikweta nchini Uganda, tarehe 20 Machi, siku ambayo jua la mchana hupita juu kabisa ya ikweta.

Tulivuka mpaka wa Uganda pale Bunagana, tukalala Mbarara. Asubuhi, karibu na Lake Mburo, tuliona punda milia wakila majani kando ya lami pamoja na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu ajabu. Lukaya wachuuzi walilikimbilia gari na mishikaki na ndizi za kuchoma. Mdogo wangu alinunua, akala, akanunua tena. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye saa.

Pale Kayabwe kuna mduara mkubwa wa zege, mweupe, kila upande wa barabara, na watu wanapanga foleni kupiga picha. Kijana mmoja alikuwa na mabeseni matatu. Anamimina maji, anadondosha ua, anaachia tundu: upande mmoja wa mstari ua linazunguka hivi, upande wa pili linazunguka kinyume, na katikati linashuka moja kwa moja. Watu wakapiga makofi. Mdogo wangu akanigeukia: "Yaya," ndivyo kwetu anavyoitwa ndugu mkubwa, "ni kweli hii?"

Nikamwambia ukweli, kwa sauti ya chini ili nisimharibie kijana kazi yake. Dunia inapozunguka hugeuza kweli njia ya pepo kubwa. Ndiyo maana vimbunga vya baharini havizaliwi juu ya ikweta, kwa kuwa hapo nguvu hiyo inakwisha. Lakini kwenye beseni, hatua chache tu kutoka mstarini, ni hafifu mno. Maji yanafuata namna yalivyomiminwa.

Kilichonileta kilikuwa kingine. Nilichomoa kalamu mfukoni, nikaisimamisha wima kwenye sakafu ya zege. Kivuli chake kilikuwa kifupi kama ukucha, kikazidi kufupika, hadi kikaingia chini ya kalamu yenyewe. Saa yangu, ambayo bado ilikuwa ya Goma, ilisema saa sita kamili. Ya dereva wetu, saa saba. Uganda wanafuata saa ya longitudo 45, iliyo mbali huko mashariki, wakati Kayabwe iko karibu na 32, jirani na 30 ambayo saa ya Goma inaifuata. Kwa hiyo saa ya kwetu ndiyo iliyopatana na jua la pale. Nilifurahi kupita kiasi, nasema kweli. Nilikuwa nimelieleza jambo hilo mara nyingi bila kuliona kwa macho.

Mdogo wangu aliinama akaitazama kalamu kwa muda, kisha akauliza: "Na kwetu mstari huu unapita wapi?"

"Kati ya Lubero na Butembo."

Alinyamaza. Barabara hiyo anaijua vizuri. Alikuwa akiifuata kupeleka vitenge Butembo na kurudi na maharage, na siku zote alivuka ikweta bila kujua. Jambo hilo liliniuma mimi kuliko yeye. Mstari unapita ndani ya Kivu Kaskazini, nasi tumeonyesha pasipoti mpakani kwenda kuutazama kwa jirani.

Safari iliyobaki tulisimama Mpambire tu, kwa watengeneza ngoma, kisha Kampala na vitenge vyake.

Niliporudi nilifungua daftari nikapiga hesabu. Goma iko kusini mwa ikweta kwa digrii moja na dakika 40 hivi, na digrii moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo mstari uko kilomita 185 hivi kutoka kwetu. Maana yake jua hupita juu ya vichwa vyetu siku chache kabla ya ile ya Kayabwe, karibu tarehe 16 Machi, kisha tena karibu tarehe 27 Septemba. Sasa somo la ikweta nalianzia uani. Wanafunzi wanasimika fimbo juu ya mawe meusi ya volkano, wanaweka alama ya ncha ya kivuli kwa chaki kila baada ya dakika kumi, na wanabishana wenyewe ni alama ipi fupi kuliko zote.