Nimekatwa dola 141 kwa kumkamulia mwanangu maziwa

Leo ni Ijumaa ya mshahara na siku yangu imeshaharibika. Nimefungua karatasi ya malipo kwenye simu nikiwa bado kwenye maegesho ya kazini, nikaona masaa 8 na dakika 20 hayapo. Nikadhani wamekosea. Nikapiga hesabu: dakika 25 mara mbili kwa siku, siku kumi za kazi, dakika 500. Kwa dola 17 kwa saa, ni dola 141 na senti. Wamenikata muda wote niliokaa stoo nakamua maziwa ya mtoto. Nyie mlioko nyumbani Ngamiani, Tanga, zidisheni wenyewe kwa shilingi, halafu mniambie muuza duka wa Barabara ya 12 anaipata hiyo kwa siku ngapi.

Nikaingia ofisini nimefura. Yule dada wa ofisi akanikaribisha kiti, akatabasamu, akanionyesha kwenye kompyuta kwamba hakuna aliyekosea. Na kweli hakuna. Sheria ya Marekani iliyosainiwa Desemba 29, 2022 inasema mwajiri akupe muda wa kukamua kila unapohitaji mpaka mtoto afikishe mwaka, na akupe mahali pasipo choo, pasipochunguliwa na mtu. Kuhusu kukulipa muda huo, haimlazimishi. New York wao wameongeza yao, tangu Juni 2024 mama analipwa dakika 30 kila anapokwenda kukamua. Mimi niko Columbus, Ohio. Nimetazama bei za kupanga chumba New York, nikafunga simu.

Kazi yenyewe ni ya kufua mashuka ya mahoteli. Stoo niliyopewa ina madumu ya sabuni, mafagio, kiti kimoja cha plastiki na soketi moja ya umeme. Komeo la mlango nililiomba wiki mbili. Naingia, navaa kifuani zile faneli mbili za mashine ya kukamulia, naiwasha, nasubiri. Aliyewahi kukamua anajua kwamba maziwa hayashuki kwa amri. Ukiwa na hasira au haraka yanagoma kabisa, mashine inavuta hewa tu. Mimi hufungua video ya mwanangu akichekeshwa na baba yake, nikiitazama mara mbili tatu nasikia vile vijisindano kifuani, tone la kwanza linadondoka, kisha yanakuja kwa michirizi. Hapo ndipo msimamizi anapogonga mlango. "Bado?" Yanakata palepale. Naanza video upya.

Na wewe unayehangaikia viza tumbo likiwa limeshachomoza, nisikilize hapa kabla sijaendelea. Mashine ya kukamulia bima nyingi za huku zinakulipia, basi iagize kabla hujajifungua, usingoje maziwa yajae ndiyo uanze kupiga simu. Na usijidanganye na habari za likizo ya uzazi. Ya kitaifa ni wiki 12 bila hata senti, tena mpaka uwe umemaliza mwaka kazini na masaa 1,250, na mwajiri awe na watu kuanzia 50. Mimi nilijifungua nina miezi saba kazini. Wiki ya saba nilikuwa nimesimama mbele ya mashine ya kukausha mashuka, maziwa yamelowesha sare. Huko mzazi wa wiki ya saba ndiyo kwanza ametoka arobaini, bado anakandwa na kuletewa uji wa pilipili manga, na akishika ufagio tu shangazi zake wanapiga kelele.

Sasa niwaeleze ya mwezi wa tatu, maana ndiyo yananifanya niandike leo badala ya kulia peke yangu ndani ya gari.

Mama alianguka, akavunjika nyonga, akalazwa hospitali ya Bombo, Tanga. Mtoto wangu alikuwa na miezi mitano na pasi yake ya kusafiria haijatoka. Nikamwacha na baba yake na mifuko 70 ya maziwa kwenye friza, kila mmoja nimeuandika tarehe. Mwanaume akawa ananipigia simu kama mtunza ghala. "Imebaki 52." "Imebaki 31." Hata salamu hatoi.

Mimi njia nzima nakamua, maana usipokamua yanaganda, titi linawaka moto, homa inapanda, na ukirudi unakuta yamepungua. Nimekamua kwenye choo cha ndege watu wamepanga foleni mlangoni. Nimekamua uwanja wa ndege wa Dar. Halafu nikapanda basi la Tanga, kilomita zaidi ya 300. Tulipoivuka Chalinze kifua kilikuwa kimeshakuwa mawe.

Kiti cha pembeni yangu, ng'ambo ya njia, kulikuwa na mama kijana amempakata mwanawe, titi liko nje waziwazi, anakula korosho na kubishana na kondakta kuhusu chenji. Hakuna hata mmoja aliyemtazama. Nami nikajifunika khanga mpaka shingoni, nikatoa mashine yangu ya betri, nikawasha. Basi zima likageuka. Vuu, vuu, vuu. Mzee wa kiti cha nyuma akavumilia weee, mwisho akaniinamia kwa adabu kabisa: "Mwanangu, simu yako inaita muda mrefu, mbona hupokei?"

Wallahi nilitaka kuingia chini ya kiti. Sikuwa na jibu. Yule mama wa korosho ndiye aliyeelewa, sijui alionaje. Akamjibu mzee, "Baba, hayo mambo ya wazazi," kisha akavua mtandio wake akaushika kama pazia upande wa njia, mkono mmoja, mwingine kamshikilia mtoto, mpaka nikamaliza. Tulipofika Segera nikashuka kutafuta maji moto ya kusuuzia vile vifaa. Mama ntilie akanimiminia chupa nzima ya chai iliyokuwa na maji, akanipa na beseni safi. Natoa elfu mbili, akaisukuma. "Kanunulie machungwa Muheza." Miezi mitano nilikuwa nakamua Columbus na mtu pekee aliyewahi kugusa mlango wangu aligonga kunihimiza.

Nyumbani, Barabara ya 10, lile friza ni la biashara. Mama anauza barafu za ubuyu na ukwaju, na alipolazwa shangazi akawa ndiye mshika duka. Mimi nikapanga mifuko yangu pembeni, nimeifunga vizuri, nikawaambia wote hii haiguswi. Siku ya pili nikasikia kicheko uani. Mtoto wa jirani amekuja na shilingi mia yake, amepitia barafu zote, amekataa nyekundu, amekataa ya kahawia, ameng'ang'ania ile nyeupe. Anadhani ni ya nazi. Shangazi alishaipokea ile mia.

Siku ya tatu umeme ukakatika tangu alfajiri hadi usiku. Maziwa yakayeyuka, na yakishayeyuka hayarudishwi kugandishwa, ukiyaweka kwenye baridi una masaa 24, na baridi yenyewe haikuwapo. Kwa joto la Tanga la mwezi wa tatu sikutaka kubahatisha. Nikachukua mifuko niimwage kwenye sinki. Shangazi akaniwahi. Maziwa ya mama hayamwagwi pa kukanyagwa, akasema, wala pa sisimizi. Akaenda nayo kwenye shina la mpera, akamimina polepole mfuko baada ya mfuko, mimi nimesimama nahesabu usingizi wangu unavyozama mchangani. Alipofika mfuko wa nne akasimama.

"Ndani kuna mtoto analia njaa," akasema, "na sisi tunamwagilia mpera."

Mdogo wangu alikuwa na kichanga cha siku tisa. Alijifungua kwa operesheni, maziwa yakachelewa, mtoto anavuta, anachoka, analia. Na mimi nina maziwa ya kulowesha khanga mbili kwa siku. Mnafikiri jambo lilikwisha hapo? Mmesahau kwetu ni Tanga.

Kwanza kabisa mjomba aliitwa. Mwanangu ni wa kiume, wa mdogo wangu ni wa kike, na binamu kwetu wanaoana. Wakinyonya ziwa moja wanakuwa ndugu, basi, mlango umefungwa. Mjomba akaenda kumuuliza ustadhi baada ya alasiri, akarudi na majibu: kwa madhehebu ya Shafii undugu huo unapatikana kwa kunyonya mara tano, kila mara mtoto ashibe aachie mwenyewe, awe chini ya miaka miwili, na ya kikombe yanahesabika kama ya titi. Wakaanza kujadiliana kama wanagawa shamba. Shangazi akafoka, "Kwani nani kawaposa? Mmoja hata meno hana!" Mdogo wangu kitandani analia pamoja na mwanawe. Ikabidi wampigie mama simu wodini. Mama, mguu umening'inizwa, akasema maneno manne tu: "Mpeni mtoto maziwa. Haraka."

Pili, nesi wa kliniki. Yeye hakuuliza habari za posa. Aliuliza nimepima virusi vya Ukimwi lini. Nikapima palepale, sikuona haya, na mtu akikuletea habari ya kunyonyesheana bila kipimo mkatalie hata kama ni pacha wako. Akatukataza chupa, akasema kikombe kidogo, mtoto alambe mwenyewe, na kila mara kabla ya kikombe awekwe kwanza kwenye titi la mama yake, maana maziwa yanakuja kwa kuvutwa. Tukafanya hivyo. Mimi nilikuwa nakaa mkekani, shangazi anamshika kichwa, nasogeza kikombe mdomoni, na kile kiulimi kinatoka kama cha paka. Siku ya tano mdogo wangu akaamka na nguo imelowa. Alipiga kigelegele peke yake chumbani.

Mjomba alikuwa na daftari. Lile la mkopo wa barafu, ukurasa wa mwisho. Ameandika siku, saa, na "ameshiba" au "hakushiba," mpaka tano za kushiba zilipotimia, akaweka sahihi na shangazi akaweka dole gumba. Sasa nina binti Tanga. Mtaa mzima unajua.

Nilimsimulia shangazi kwamba huku kuna benki za maziwa, kina mama wanatoa, yanachanganywa ya watu kadhaa, yanapashwa moto kuua vijidudu, wanapelekewa watoto njiti hospitalini na hujui nani kanywa yako. Mimi naona ni jambo la heri, njiti wanapona. Shangazi akashika kichwa. "Sasa hao wakikua wataoanaje?"

Najua mtasema nasifia nyumbani kwa sababu nina hasira ya mshahara. Labda. Maana hebu tuulizane, sheria yetu ya ajira ya 2004 si inampa mama siku 84 za likizo na malipo, 100 akiwa na mapacha, na akirudi kazini apewe hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi? Kwenye karatasi tumewashinda Wamarekani mbali sana. Mdogo wangu anauza duka la vitenge. Alipomtajia tajiri wake hizo saa mbili aliambiwa hizo ni za serikalini. Si kweli, lakini mkataba hana, atamshtaki na nini? Alirudi dukani siku ya arobaini na tano. Ila pia, na hili siwezi kulificha, shangazi alikuwa anampelekea mtoto dukani saa sita, anamnyonyeshea juu ya majora ya vitenge huku mteja anasubiri kuambiwa bei, na hakuna aliyeshika saa kuhesabu dakika.

Sasa tajiri ameanza kumtuma na mzigo Muheza, siku tatu kwa wiki. Anaondoka alfajiri, anarudi magharibi. Jana amenitumia sauti, anaongea kwa kunong'ona, nyuma yake nasikia mnada. Anasema anakamua kwa mkono kwenye kikombe cha chai nyuma ya kibanda, anamwaga, kwa sababu hana pa kuyaweka. Anamwaga kwenye shina la mti, amekumbuka ya shangazi. Kisha akauliza ile "simu inayoita" ni bei gani.

Ya umeme sitamtumia, atachaji wapi. Nimenunua ya mkono, ya kuminya, haina betri wala kelele, na kibegi kidogo cha kuwekea barafu, kwa sababu barafu pale kwetu ndiyo haikosekani. Nimenunua leo hii hii, kwa hizo hizo zilizobaki baada ya kukatwa.

Kuna mtu anakuja Tanga mwezi huu, au hata Dar tu, shangazi atapanda basi aifuate? Mzigo haufiki kilo moja. Niandikieni.