Barakoa juu ya barakoa
Jana usiku nilikuwa naskroli tu simu nikakutana na picha moja ya nyeusi na nyeupe ya msanii Claude Cahun, ya mwaka 1928, yaani usingizi ulikata kabisa. Mtu kasimama kavaa joho refu, usoni barakoa, halafu kwenye joho lenyewe zimebandikwa barakoa zingine, kila moja kama inakuangalia. Sura yake yeye huioni. Nikaanza kumsoma, kumbe hata hilo jina alijichagulia mwenyewe, alizaliwa Ufaransa 1894 akaitwa Lucy Schwob, akaja kuwa karibu na wasurealisti wa Paris, wale wasanii wa mambo ya ajabu kama ya ndotoni, na miaka mingi alikuwa anajipiga picha, mara kanyoa kichwa, mara kajiremba kama mwanasesere, na hujui yupi ndo yeye. Kukosa rangi ndo kunanimaliza, maana ngozi na barakoa vyote vinakuwa kijivu kilekile, huoni uso unaishia wapi. Nikachukua penseli nijichore nimevaa barakoa, nikaweza vizuri tu, ila nilipofika kwenye macho mkono ukagoma. Mpaka sasa karatasi iko mezani, yale macho bado meupe.